Dinari ya Eka Kumi

Thelma Garrod aliweza kuitambua sarafu ya Kirumi kwa kidole gumba peke yake, mkono ukiwa mfukoni na macho kayafumba. Hivyo ndivyo alivyomwambia kila mwanachama mpya wa chama cha watafuta vitu vya kale pale Cawstead. Na kabla mgeni hajamaliza kushangaa, mwenyewe aliongeza kwamba mara ya mwisho alipofanya hivyo mbele za watu alimtangaza kaisari Hadriano, akaitoa sarafu mfukoni, kumbe ni kifungo cha suruali ya mwanajeshi. Tena si mwanajeshi wa zamani sana. Uzi ulikuwa bado unaning'inia.

Watu walicheka, wakamwongezea chai. Thelma alijua kujicheka, na alijicheka kwa mambo mengi: magoti yake, mashine yake mpya ya kunusia madini ardhini, iliyomlia pensheni ya miezi mitano, kofia yake ya sufi iliyofanana na kuku anayeatamia. Jambo moja tu hakulichekea, nalo ni daftari lake. Humo mlikuwa na miaka ishirini na miwili ya kutembea mashambani, mvua na baridi, na sarafu mia tatu na kumi na moja alizozitoa ardhini. Karibu zote zilikuwa vipande vya shaba vya mwisho mwisho wa Warumi, vidogo kama ukucha, vimelika mpaka uso wa kaisari umebaki kama alama ya maji ukutani. Mbele ya kila kimoja palikuwa na neno moja aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe bila kupenda: haisomeki.

Neno hilo lilitoka kwa Imogen Pask. Imogen alikuwa afisa wa wilaya wa kuandikisha vitu vilivyookotwa, msichana mwembamba mwenye nywele nyekundu na mikono isiyotetemeka. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikuja kwenye ukumbi wa kijiji na mizani yake ndogo, kioo chake cha kukuzia, taa yake na kompyuta, akaketi meza ya karibu na jiko la chai. Wanachama walipanga foleni na mifuko yao midogo ya plastiki. Juu ya kila mfuko paliandikwa namba za ramani, tarakimu kumi, za mahali penyewe kitu kilipotoka. Imogen alipima uzito, alipima upana, alipiga picha mbele na nyuma, akaingiza kwenye kumbukumbu ya taifa. Hakuna aliyethubutu kumletea sarafu bila namba. Alisema sarafu isiyojulikana ilikotoka haimwambii mtu chochote, ni sawa na barua iliyopoteza maneno ikabaki stempu.

Mwezi wa nane Imogen alikuja na habari. Makumbusho ya mjini walikuwa wanatengeneza kabati la kioo, na kila kijiji kingewekewa humo sarafu moja, iliyo bora, pamoja na kadi ndogo yenye jina la aliyeipata. Sarafu ya Cawstead ingechaguliwa kwenye mkutano wa Oktoba. Neville, mwenyekiti wa chama, aliyekuwa anamimina chai wakati huo, alimtazama Thelma. Ukumbi mzima ulimtazama Thelma. Yeye alitazama biskuti yake kama mtu asiyesikia, lakini usiku ule alichukua bahasha ya bili ya umeme akaandika nyuma yake kwa herufi nzuri, T. Garrod, Cawstead. Akaiegemeza kwenye kopo la sukari, aone inakaaje.

Sasa kulikuwa na wifi yake.

Avril alikuwa dada wa marehemu Clifford, mume wa Thelma. Alistaafu kazi ya kupika shuleni huko Ipswich, akahamia Cawstead majira ya kuchipua, kwenye nyumba ndogo ambayo dirisha lake la jikoni linatazama moja kwa moja shamba la Eka Kumi. Hakujua mtu. Thelma akamwingiza chamani, akampa na mashine ya zamani ya Clifford ya kunusia madini, ile yenye mkono uliofungwa utepe mweusi na inayopiga kelele hata ikiona msumari wa kiatu. Alimpa kwa moyo mweupe. Haya, tuseme wa kijivu. Alijua mashine ile haijaokota kitu cha maana tangu Clifford akiwa na nywele.

Jumapili ya mwisho ya Agosti chama kilitoka kwenda Eka Kumi. Ngano ilikuwa imeshavunwa, mabua yanachoma soksi. Thelma alichagua mstari wake na kuutembea mara mbili, kwenda na kurudi, polepole, akifagia na mashine mpya kama anayepaka chokaa. Hakupata kitu ila kipande cha bomba. Avril alimfuata nyuma katika mstari uleule, mashine kaibeba kama mwiko wa kukorogea uji, akizungumza na mbwa wa mwenye shamba. Mara ile mashine ya Clifford ikalia.

"Wifi," Avril aliita, "hiki kidude kinalia au kinaumwa?"

Akachimba kama anachimba viazi. Thelma alifika wakati mwenzake anainuka na kitu cheupe cha mviringo kati ya vidole, tayari anatema mate kwenye kona ya aproni.

"Usisugue," Thelma alisema. "Kanuni ya tatu."

Kanuni za chama zilikuwa nane, zimebandikwa juu ya jiko la chai ukumbini, na zote aliziandika Thelma. Ya tatu ilisema kitu kilichotoka ardhini hakisuguliwi, hakioshwi wala hakilowekwi, kinapelekwa kwa afisa na udongo wake. Thelma alikuwa ameihubiri miaka ishirini. Aliwahi kumnyima mtu keki kwa sababu ya mswaki.

Avril akampa kile kitu. Thelma akakiweka kwenye kiganja, akapitisha kidole gumba juu yake mara moja. Ilikuwa fedha. Nyembamba, imelainika kama peremende iliyonyonywa, lakini chini ya ule ulaini kidole kilisikia mstari mrefu uliopinda, na chini yake mistari midogo imesimama kama meno ya kitana. Meli. Ni makasia ya meli. Miaka yote ile kidole gumba cha Thelma kilikuwa kinadanganya watu, na leo, kwa mara ya kwanza, kilikuwa kinasema kweli.

"Ni nini, wifi?" Avril aliuliza.

"Kifungo labda," alisema Thelma. "Tia tu mfukoni. Imogen ataangalia."

Hata hivyo alimsomea namba za ramani kutoka kwenye kifaa chake, kwa kuwa Avril hakuwa na kifaa, akaziandika kwenye mfuko wa Avril na kwenye daftari lake pia. Mazoea ni mazoea. Mkono wake uliandika wakati moyo umekwenda kukaa pembeni.

Jumamosi iliyofuata Imogen alikipokea kile kifungo, akakipima, na hakuendelea na foleni. Alizima taa ya dari iliyo juu ya meza yake. Akawasha taa yake ndogo, akailaza pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya sarafu kama jua la asubuhi linavyopita juu ya matuta. Foleni ikavunjika, watu wakajazana nyuma ya mabega yake. Thelma alibaki kwenye kiti chake akihesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Katika miaka yote ile Imogen hakuwahi kuipa sarafu yake zaidi ya dakika nne, na katika hizo nne moja ilikuwa ya kupiga chafya.

"Hapa kuna makasia," Imogen alisema. "Mnayaona? Na upande huu, huyu ni tai, katikati ya bendera mbili za vita. Ni dinari. Hii Antonio aliitengeneza kuwalipa askari wake, yule Antonio wa Kleopatra. Aliipunguza fedha akaongeza shaba, kwa hiyo hakuna aliyetaka kuificha chini ya godoro. Ilizunguka mikononi mwa watu miaka mia mbili. Ndiyo maana imelika hivi."

Chini ya tai, alieleza, iliandikwa namba ya kikosi cha jeshi, ila hapo palikuwa pamefutika kabisa. Akaigeuza tena chini ya mwanga. Kulikuwa na kitu kingine kilichomsumbua: ukingoni, upande wa meli, palikuwa na alama iliyopinda kama mwezi mchanga, safi, na kutu ya kijani imeizunguka. Alisema inaonekana kuna kitu kiliwahi kuilalia kule chini kwa muda mrefu. Jiwe, pengine. Akapiga picha ya ule mwezi pia, akaandika.

Thelma alisikia maneno hayo yote na hakuyashika hata moja. Alikuwa anamtazama Avril, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni ya Imogen, kiti ambacho kwa miaka mingi Thelma ndiye aliyekikalia, akila keki yake mwenyewe ya ndimu na kuuliza Kleopatra alikuwa na umri gani.

"Kama haitatokea nyingine nzuri zaidi kabla ya Oktoba," Imogen alisema, "basi hii ndiyo ya kabatini."

Neville akampigia Avril makofi. Thelma akapiga pia. Alipiga kwa nguvu kuliko wote, mpaka pete ikamuuma.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Avril alikuwa na picha ya dinari kwenye simu yake na alimwonyesha mleta barua, mwuza nyama, na mchungaji wa kanisa, tena katikati ya kikombe cha chai baada ya mazishi. Na popote aliposimulia alisema "tumeipata." Sisi, mimi na wifi, na mashine ya kaka. Angesema "nimeipata" Thelma angepata pa kumchukia vizuri. Ile "tu" ilikuwa inamfuata nyumbani, inakaa naye mezani. Dukani mwenye duka alimuuliza kama yeye ndiye yule Bi Garrod wa sarafu. Thelma alisema hapana, ni yule mwingine. Akasahau kununua maziwa aliyoyaendea.

Usiku alilala akihesabu. Mstari uleule. Mara mbili aliupita, mara mbili, na mashine ya pensheni ya miezi mitano. Labda aliinua mkono hapo, akipangusa pua. Ndiyo, alikumbuka, alipangusa pua. Clifford alikuwa akimwambia asitoke nje na mafua. Sasa hata marehemu alikuwa upande wa dada yake.

Alhamisi alikwenda Eka Kumi peke yake. Mwenye shamba alikuwa amempa ruhusa zamani, aingie siku yoyote, hilo halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kanuni ya saba. Kanuni ya saba ilisema shimo alilopata mwenzako ni la mwenzako, pamoja na hatua tatu kila upande, mpaka mwenyewe aseme mbele ya chama kwamba amemaliza. Thelma aliiandika mwaka ambao wanaume wawili walipigana na makoleo kwa ajili ya pete ya shaba. Avril hakuwa amesema amemaliza. Avril hakujua hata kama kuna kanuni ya saba. Aliijua ya tatu tu, ile aliyofokewa.

Thelma alifungua daftari, akasoma zile tarakimu kumi, akazifuata mpaka akasimama juu ya shimo lenyewe. Akavaa hedifoni zake kubwa za kusikilizia mashine, akazibana masikioni juu ya kofia, akaanza. Hatua moja. Hatua ya pili, upande wa barabara, ikaja sauti ndogo mno, kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Alipiga magoti. Akachimba na koleo lake dogo, akasikiliza tena, akachimba tena, mpaka bonge la udongo likapasuka na ukingo mweupe ukatokea.

Hakuitazama. Alifumba macho akapitisha gumba. Tai. Bendera, na bendera ya pili. Chini ya tai, mistari midogo iliyosimama, inashikika kabisa: namba ya kikosi. Upande wa pili kulikuwa na bonge la kutu gumu, la kijani, limejikunja ukingoni. Hilo hakulijali.

Alikaa palepale magotini muda mrefu. Kwanza kwa furaha, halafu kwa sababu magoti yalikataa. Jasho lilimwingia machoni, akajifunika uso na mikono miwili yenye udongo akajifuta. Moyoni alimuuliza Clifford, wewe ungefanyaje? Clifford, ambaye hata enzi za uhai wake alipoulizwa hivyo aligeuza ukurasa wa gazeti, hakujibu. Thelma akalichukulia hilo kuwa ni ruhusa.

Saa kumi na moja jioni Avril alibisha hodi, na sufuria kaifunika kitambaa. Ilikuwa supu ya viazi na vitunguu virefu. Thelma, aliyekuwa ametoka tu kuificha dinari ndani ya kopo la chai, alisimama mlangoni akingoja kuonyeshwa ile picha kwa mara nyingine. Avril hakuitaja. Alisema hakuja kukaa. Akamshika Thelma bega, akalibonyeza kidogo.

"Kula, wifi," alisema. "Yote."

Akaondoka. Thelma aliila yote. Ilikuwa tamu, na hilo lilimuudhi mpaka kesho yake.

Lilibaki suala la mahali. Ijumaa alikwenda upande wa pili wa kijiji, ukingo wa shamba linalopakana na kanisa, nusu maili kutoka Eka Kumi. Akasimama chini ya ua wa miiba, akawasha kifaa chake, akasoma namba za pale na kuziandika juu ya mfuko mpya. Hakutaka kubuni namba. Mtu mwingine angebuni, lakini Thelma alikuwa na heshima yake. Uongo wake ulikuwa na tarakimu kumi, zote sahihi.

Na hakuisugua. Jioni moja aliishika karibu na bomba la maji, ule ukoko wa kijani unamkera, unamfichia meli. Brashi laini ya kucha ilikuwa pale pale kwenye sabuni. Dakika moja tu ingetosha. Lakini miaka ishirini ya mahubiri si kitu cha kukiangusha kwenye sinki. Akairudisha kwenye mfuko na udongo wake, akajisikia mtu safi.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba mvua ilikuwa inapiga madirisha ya ukumbi. Avril alikuwa ameleta keki mbili. Alimwekea Thelma kipande cha kwanza, na akasogea apate nafasi kwenye kile kiti cha pembeni, kwamba njoo, wifi, tubanane. Thelma alisema atasimama. Foleni ilipofika kwake aliuweka mfuko mezani taratibu, kama mtu aliyeleta kitu cha kawaida tu.

Imogen aliimimina dinari kwenye kitambaa cheusi. Halafu akazima taa ya dari.

Thelma alitamani dakika hizo zisiishe. Mabega yote yakajazana. Imogen aliilaza taa, akaisogeza milimita kwa milimita, akahesabu mistari chini ya tai kwa ncha ya kijiti. Akasema inasomeka. Kikosi cha sita. Alisema kwa kazi yake yote wilayani hajaona iliyolika hivi na bado namba inasomeka hivi. Neville akasema basi kabati limepata mwenyewe. Mtu akasema hongera, Thelma, ulistahili zamani. Avril alipiga makofi mpaka makombo ya keki yakamruka kifuani, na hapakuwa na hila yoyote usoni pake. Thelma aliona ile kadi, T. Garrod, Cawstead, imeegemezwa kwenye kioo mahali pa kopo la sukari.

"Na hujaisugua," Imogen alisema. "Wengine wangeshaikwangua kutu yote hii. Bi Thelma, ungekuwa mwalimu."

"Kanuni ya tatu, mwanangu," alisema Thelma.

Imogen aliigeuza apige picha ya upande wa pili. Alikwama hapo. Alisogeza kioo cha kukuzia, akaondoa, akarudisha. Kisha akafungua sanduku lake, akatoa mfuko mwingine, wa Avril, akaiweka ile dinari ya kwanza karibu na ya pili. Ya kwanza ilikuwa na ule mwezi mchanga safi ukingoni. Ya pili ilikuwa na bonge la kutu lililojikunja ukingoni. Akazishika kwa vidole vya mikono miwili, meli kwa meli, akazisogeza, akazizungusha kidogo.

Zikaingiana. Ziliingiana kama kifuniko na kopo lake, kutu ya hii kwenye ule mwezi safi wa ile, na zikakaa bila kushikwa. Imogen alitoa mikono kabisa.

"Zililala pamoja," Imogen alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Miaka elfu moja na mia nane, moja juu ya nyingine. Hizi si sarafu mbili. Ni mfuko wa mtu, ulidondoka." Halafu akainua macho. Hakuwa mkali, na ingekuwa nafuu kama angekuwa. "Bi Thelma, nikumbushe. Uliipata wapi?"

"Namba zipo kwenye mfuko."

"Nimeziona. Ni ukingo wa kanisa. Hii nyingine ni ya Eka Kumi."

"Trekta hizi, mwanangu," alisema Thelma. "Zinalima huku, zinageuzia kule, matope kwenye magurudumu. Vitu vinatembea."

Imogen alisema ni kweli, vitu vinatembea. Lakini alikuwa ameshika kalamu na haikuandika. Akaeleza, akiwa anaitazama meza, kwamba dinari mbili za fedha zilizotoka shimo moja kisheria ni hazina, zina taratibu zake na watu wa kuarifiwa. Zikitoka mashamba mawili, si hazina. Kwa hiyo alilazimika kuuliza, na angeuliza mtu yeyote. Siku gani?

"Alhamisi. Ile baada ya mkutano wetu wa Septemba."

Hapo Avril akaweka sahani yake chini, akamshika Thelma mkono.

"Jamani msimsumbue wifi yangu," alisema. "Alhamisi ile hakuwa sawa, mnamuuliza namba za nini? Mimi nilimwona. Nilikuwa naosha vyombo, namwona dirishani, yuko Eka Kumi kapiga magoti, palepale penye shimo letu. Kaziba uso. Mabega yanakwenda hivi. Nikasema yule anamlilia kaka Clifford, maana mashine ya kaka ndiyo iliyoipata ile. Nikaona aibu kumwita. Nikampikia supu." Akaubonyeza mkono wa Thelma. "Nilikuwa sitaki kusema mbele za watu. Nisamehe, wifi."

Neville alikuwa ameinamisha birika la chai na hakuliinua. Kikombe kilikuwa kimeshajaa.

Thelma alitazama ule mkono juu ya mkono wake. Uongo mpya ulikuwa umeshapikwa, umepakuliwa, na umewekwa mbele yake ukiwa moto, na aliyeupika ni Avril mwenyewe. Kilichobaki ni kula.

"Ndiyo, wifi," alisema. "Nilikuwa namlilia Clifford. Ukingo wa kanisa nilikwenda baadaye."

Avril akatikisa kichwa kwa huruma. Akatazama zile dinari mbili zilizobanana kwenye kitambaa cheusi. Akatazama mfuko wa plastiki, na mwandiko wa Thelma juu yake, uleule ulio kwenye mfuko wake yeye. Akaendelea kutikisa kichwa, lakini polepole zaidi, kisha kikasimama. Mashine hakuzielewa, lakini miaka thelathini na mitano alikuwa amesimama nyuma ya sufuria za shule akiwasikiliza watoto wanaosema hawajapewa nyama.

Akautoa mkono wake.

"Wifi," alisema, "mbona ulikuwa unamlilia kaka na hedifoni masikioni?"